Kusoma kwa Kalamu na kwa Miguu: Namna ya Kuvisoma Vitabu vya Ufuasi



Mpendwa msomaji, katika nyumba nyingi za Wakristo huku kwetu Njombe na Makambako kuna kitabu kimoja au viwili vya dini juu ya kabati, karibu na rozari na picha ya Familia Takatifu. Kimoja kilinunuliwa siku ya hija, kingine ni zawadi ya Kipaimara. Kwa upande wetu sisi mafrateri, vitabu vya namna hiyo tumezungukwa navyo maktabani. Ndiyo maana tumekuwa tukijiuliza swali moja mara kwa mara: inakuwaje mtu asome kitabu kizuri juu ya kumfuasa Kristo kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akisifu, awaazime wenzake, halafu abaki vilevile alivyokuwa?

Mara nyingi kitabu hakina kosa, na msomaji naye ana nia njema. Tatizo liko katika namna ya kusoma. Kitabu cha ufuasi kinadai kisomwe kwa macho, kwa kalamu na kwa miguu. Macho yanapokea neno, kalamu inalileta katika maisha ya huyo anayesoma, na miguu inalipeleka barabarani. Kimoja kikikosekana, kitabu kinarudi kabatini na mtu anarudi alikokuwa. Katika makala hii tunaeleza maana ya jambo hili, tunatazama waliotutangulia, kisha tunapendekeza njia ambayo frateri, mkulima au mfanyabiashara anaweza kuifuata.

Mwanafunzi na mfuasi

Kiswahili kimetupa maneno mawili kwa ajili ya mtu wa Yesu. Biblia zetu humwita mwanafunzi, yaani anayefundishwa. Waalimu wa maisha ya kiroho hupenda kumwita mfuasi, yaani anayekwenda nyuma ya mwingine akikanyaga pale alipokanyaga. Maneno haya yanahitajiana. Mwanafunzi anaweza kukaa kwenye dawati, mfuasi hawezi kukaa, kwa sababu anayefuatwa anatembea. Bwana alipoeleza masharti ya kuwa mtu wake, alitaja kujikana, kuubeba msalaba kila siku na kumfuata (rej. Lk 9:23). Mwanafunzi wa shule hupimwa kwa yale anayoyakumbuka. Mfuasi hupimwa kwa mahali alipofika.

Jambo hili linatugusa sisi tunaosoma falsafa kwa namna ya pekee. Mwongozo wa malezi ya kipadre uliotolewa Vatikano tarehe 8 Desemba 2016, uitwao Zawadi ya Wito wa Kipadre, unagawa malezi ya mwanzo katika hatua nne. Ya kwanza ni ya maandalizi. Ya pili, ambayo ni ya masomo ya falsafa, inaitwa pia hatua ya ufuasi. Ya tatu, ya teolojia, inaitwa hatua ya kufananishwa na Kristo, na ya nne ni ya kichungaji. Kwa hiyo Mama Kanisa anapotutuma kusoma Plato, Aristotle na Mt. Thoma wa Akwino, anatarajia kwamba katika miaka hiyohiyo tunajifunza kwenda nyuma ya Bwana. Mtu anaweza kufaulu mitihani yote ya mantiki na metafizikia na bado hatua yenyewe ikampita.

Hata wanafalsafa wa kale waliiona hatari hiyo. Katika kitabu cha pili cha Maadili kwa Nikomako, Aristotle anawazungumzia watu wanaokimbilia hoja na kudhani kwamba kwa kufikiri juu ya wema watakuwa wema. Anawafananisha na wagonjwa wanaomsikiliza daktari kwa makini, kisha hawafanyi hata moja kati ya aliyowaagiza. Mtume Yakobo, kwa mwanga wa imani, anatumia mfano wa kioo: anayesikia neno bila kulitenda ni kama mtu aliyejitazama usoni, akaondoka, akasahau mara moja alivyo (rej. Yak 1:22-24). Vitabu vya ufuasi ni vioo vya namna hiyo. Shida yetu ni kuondoka mapema.

Wakristo walioitwa wasomaji

Afrika ya Mashariki ina ushuhuda wake juu ya kusoma na kufuasa. Wamisionari wa Afrika, tunaowafahamu kama Mapadre Weupe, walifika Buganda mwezi Februari 1879, wakiwakuta Waanglikana wamekwisha kutangulia. Watu waliojiunga na dini hiyo mpya waliitwa kwa Kiganda abasomi, yaani wasomaji. Kuwa Mkristo na kujifunza kusoma yalikuwa jambo moja. Kijana wa ikulu aliyetaka kubatizwa alianza na herufi, akaendelea na sala na mafundisho. Kabla Kiganda hakijawa na vitabu vya kutosha, maandiko ya Kiswahili nayo yalitumika.

Mwishoni mwa mwaka 1882 Mapadre Weupe walilazimika kuondoka, wakahamia kusini ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Hawakurudi Buganda hadi mwaka 1885. Kwa muda wa karibu miaka mitatu hapakuwa na padre Mkatoliki wa kuwaongoza wasomaji hao. Hata hivyo kundi halikufa. Walei kama Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa waliendelea kuwakusanya wenzao, kuwafundisha na kuwapeleka kwa Bwana. Kisha mateso yakaja. Yosefu Mukasa aliuawa Novemba 1885, na Karoli Lwanga pamoja na wenzake waliuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu 22 kati yao tarehe 18 Oktoba 1964.

Tuangalie jina walilopewa. Majirani hawakuwaita wenye vitabu, maana vitabu vilikuwa vichache mno. Waliwaita kwa tendo lao. Walichosoma kilikuwa kidogo tukilinganisha na rafu za maktaba zetu, lakini walikisoma hadi mwisho wa barabara. Kuna siku walitakiwa kuchagua kati ya neno walilosoma na uhai wao, na hapo ilionekana wazi kwamba neno lile lilikwisha kushuka hadi miguuni.

Kitabu cha ufuasi ni kipi?

Si kila kitabu cha dini ni kitabu cha ufuasi. Katekisimu inaeleza imani, kitabu cha historia kinasimulia mambo ya Kanisa, na kitabu cha sala kinatupa maneno ya kusema mbele ya Mungu. Vyote tunavihitaji. Kitabu cha ufuasi kina kazi yake: kinamtazama msomaji usoni na kumwuliza anakwenda wapi. Injili ndiyo cha kwanza, na vingine vyote ni wasaidizi wake. Tutaje vitatu vinavyoonesha sura tofauti za usaidizi huo.

Cha kwanza ni Kumfuasa Kristo, kinachohesabiwa kuwa kazi ya Thomas à Kempis, mtawa wa huko Uholanzi aliyefariki mwaka 1471. Ni kitabu cha mashauri mafupi. Kinafaa kusomwa aya moja kwa siku, na kinamchosha anayekisoma kwa pupa.

Cha pili ni maandishi ya Mt. Teresia wa Mtoto Yesu, maarufu kama Historia ya Roho. Mtakatifu huyu alifariki tarehe 30 Septemba 1897 akiwa na miaka 24, umri wa wengi wetu hapa seminarini. Aliandika kwa utii, kwa kuwa wakubwa wake walimwomba, na sehemu ya kwanza aliiandika katika madaftari ya kawaida ya shule. Kitabu kilichapwa mwaka 1898, na mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwalimu wa Kanisa. Yeye mwenyewe alikuwa amekisoma Kumfuasa Kristo tangu utotoni hadi akakijua karibu chote kwa moyo.

Cha tatu kinatoka kwa ndugu zetu Walutheri, ambao huku Njombe na Makete ni majirani zetu, na wengine ni wajomba na shangazi zetu. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Ujerumani, aliongoza seminari ndogo huko Finkenwalde kuanzia mwaka 1935, wakati utawala wa Hitler ulipokuwa unalibana Kanisa. Masomo aliyowapa wanafunzi wake yakawa kitabu kilichochapwa mwaka 1937. Jina lake, Nachfolge, ni neno la Kijerumani lenye maana ya kwenda nyuma ya mtu, yaani ufuasi wenyewe. Ndani yake anaikemea neema ya bei rahisi, yaani kutaka msamaha bila toba na Kristo bila msalaba. Mwaka huohuo polisi waliifunga seminari yake, na tarehe 9 Aprili 1945 alinyongwa. Kitabu chake kilimfuata hadi kwenye mti wa kunyongea.

Waandishi wote watatu waliishi kwanza, kisha wakaandika, au waliandika huku wakiishi. Kwa sababu hiyo msomaji anayetaka maneno yao bila njia yao anajipunja.

Daftari: mwalimu asiyesema

Kalamu inaingiaje hapa? Katika mazingira aliyokulia Thomas à Kempis, watu wa sala walikuwa na desturi ya kuwa na daftari binafsi lililoitwa kwa Kilatini rapiarium. Mtu aliposoma neno lililomgusa alilinakili humo, akaweka karibu yake azimio lake au tafakari yake, akalirudia tena na tena. Wataalamu wengi wanaona kwamba Kumfuasa Kristo kilikua kutokana na desturi hiyo. Maana yake ni kwamba kitabu cha ufuasi kilichosomwa kuliko karibu vyote baada ya Biblia kilianza kama daftari la mtu aliyekuwa akijisemesha mwenyewe mbele ya Mungu.

Mt. Inyasi wa Loyola ni mfano mwingine. Mwaka 1521 alivunjwa mguu na mzinga katika vita huko Pamplona. Akiwa kitandani aliomba hadithi za mashujaa wa vita, hazikuwepo, akaletewa Maisha ya Kristo ya Ludolfo Mkartusi na maisha ya watakatifu. Alianza kunakili katika daftari: maneno ya Kristo kwa wino mwekundu, ya Bikira Maria kwa wino wa buluu, hadi kurasa zikafika karibu mia tatu. Katika siku hizo aligundua jambo lililobadili maisha yake. Alipowaza ushujaa wa dunia alifurahi kwa kitambo, kisha akabaki mkavu. Alipowaza kufanya kama watakatifu, furaha ilibaki hata baada ya mawazo kupita. Kutokana na kuangalia hivyo mwenendo wa moyo wake ndipo yalipoota mafundisho yake juu ya kupambanua roho, na baadaye Mazoezi ya Kiroho.

Wa tatu alikuwa mseminari kama sisi. Angelo Roncalli, kijana wa wakulima wa Kaskazini mwa Italia, alianza mwaka 1895 kuandika maazimio yake katika seminari ya Bergamo akiwa na miaka 14. Aliendelea alipokuwa padre, askofu, balozi wa Papa, kardinali, na hatimaye Papa Yohane XXIII. Alifariki tarehe 3 Juni 1963, siku ambayo sisi huwakumbuka Mashahidi wa Uganda, na maandishi hayo yalichapwa mwaka 1964. Anayeyasoma hakuti humo mambo makubwa ya dunia. Anakutana na kijana anayepambana na ulimi wake, majivuno yake na mtawanyiko wake wakati wa sala, na anayerudi kwenye azimio lilelile mwaka baada ya mwaka.

Kuna neno la maana sana aliloandika Roncalli mwanzoni mwa mwaka 1903. Alikuwa amejitahidi kuwaiga watakatifu kwa kila kitu walichofanya, akaona hafiki popote. Akatambua kwamba yeye si Mt. Aloisi, na Mungu hamtaki awe nakala kavu ya mtu mwingine. Anachotakiwa ni kuchukua utomvu wa fadhila za watakatifu na kuugeuza kuwa damu yake, katika hali yake mwenyewe. Huu ndio msaada mkubwa wa daftari. Kitabu kinasema na wote, nalo daftari linauliza: kwako wewe, katika bweni hili au shamba hili, neno hili lina maana gani?

Njia ya hatua tano

Guigo II, mkuu wa watawa Wakartusi katika karne ya 12, alieleza usomaji mtakatifu kama ngazi ya vipago vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na kumtazama Mungu. Sisi tunapendekeza njia inayopita katika ngazi hiyo, tukiongeza daftari na tendo.

Kwanza, chagua kitabu kimoja na ukae nacho. Anayepanda kutoka Chimala kwenda Matamba, njiani kuelekea Kitulo, hupita barabara ambayo wenyeji huiita Hamsini na Saba kwa sababu ya idadi ya kona zake. Hakuna dereva anayeziruka kona hizo. Kitabu cha ufuasi nacho kina kona zake, na anayerukia kitabu kipya kila anapokutana na kona ngumu hatauona uwanda wa juu.

Pili, soma kidogo na polepole. Ukurasa mmoja unatosha, hata aya moja. Neno likikushika, simama hapo. Usiogope kwamba sura haijaisha.

Tatu, zungumza na Mungu juu ya neno hilo kabla ya kuandika chochote. Mwambie kama linakufurahisha au linakuudhi. Neno linaloudhi lisipitwe haraka, maana mara nyingi ndilo lililoandikwa kwa ajili yetu.

Nne, andika mistari michache katika daftari ambalo hakuna mtu mwingine anayelisoma. Hapa ndipo wengi hupotea njia, kwa sababu huandika kama wanaofupisha somo la darasani. Tuseme frateri amesoma sura juu ya unyenyekevu. Akiandika kwamba unyenyekevu ni fadhila muhimu, amenakili tu kitu anachokijua tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Aandike hivi: jana mezani nilimkatiza mwenzangu mara mbili ili ionekane nimesoma kuliko yeye, leo nitamwacha amalize. Azimio la namna hii lina mahali, lina saa, lina mtu. Kesho yake linaweza kuulizwa kama lilitimizwa.

Tano, tenda, kisha rudi uandike kilichotokea. Bila hatua hii, zile nne zinakuwa mchezo mzuri wa roho. Katika kutenda ndipo mtu anapokutana na ukweli wake na kumhitaji Mungu kweli. Na anaposhindwa, daftari linampeleka kwenye sakramenti ya Kitubio akiwa na jambo la kusema, na kwa mlezi wa kiroho akiwa na swali la kuuliza.

Njia hii si ya seminarini peke yake. Tuchukue mfanyabiashara Mkristo wa viazi mviringo kule Makambako, mahali ambapo barabara ya Njombe na Songea inaachana na barabara kuu ya kwenda Zambia, na malori hayakauki. Jumapili amesoma juu ya kumpenda jirani. Jumatatu yuko shambani kwa mkulima anayehitaji fedha ya ada ya mtoto, na gunia liko mbele yake. Je, atalijaza hadi mdomo, kisha alishonee kilemba juu liwe lumbesa, huku bei ikibaki ya gunia moja? Sheria ya vipimo inakataza, lakini sheria haipo shambani asubuhi hiyo. Kilichopo ni neno alilosoma. Kama alikuwa ameandika katika daftari lake kwamba wiki hii atanunua kwa mizani, ana kitu cha kumshika mkono. Kama hakuandika, upendo wa jirani utabaki kuwa mahubiri mazuri ya Jumapili. Kwa mkulima yule, tofauti kati ya kusoma na kufuasa inahesabika kwa kilo.

Tusichimbe kiazi cha ua

Liko jambo la kuangalia katika siku zetu. Simu imerahisisha kushirikisha wengine tunachosoma, na hilo ni jema. Lakini imetuzoesha pia kutoa kabla ya kupokea. Mtu anasoma nusu ukurasa, anaupiga picha, anauweka kwenye hali yake ya WhatsApp, na kabla hajafunga kitabu amekwisha kupokea pongezi za kuwa mtu wa Mungu. Pongezi zimefika, tendo bado halijaanza, na mara nyingi haliji tena, kwa sababu moyo umeshalipwa.

Wenyeji wa Kitulo wanaweza kutuelewesha. Uwanda ule ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600, ambao watu huuita Bustani ya Mungu, ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake. Kuna aina kama 350 za mimea, zikiwemo aina zaidi ya 40 za okidi. Mvua zinapokolea, kuanzia Desemba, uwanda wote huvaa rangi. Moja ya hatari zilizoyakabili maua hayo ilikuwa watu kuchimba viazi vya okidi na kuvisafirisha kwenda Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Anayekata ua bado ameacha kiazi ardhini, na mwaka ujao litachipua. Anayechimba kiazi ameuza ua la mwaka huu na maua ya miaka yote inayofuata.

Neno la Mungu ndani ya mtu lina kiazi chake ardhini, mahali pa giza na baridi ambapo hakuna anayepiga picha. Anayeliharakisha sokoni kabla halijaota anachimba kiazi. Injili inatuambia kwamba Mama Maria aliyaweka mambo yale yote moyoni mwake na kuyatafakari (rej. Lk 2:19). Kama Mapokeo yanavyoona, habari za utoto wa Yesu zilitufikia kutoka katika hazina ya moyo huo, kwa wakati wake. Kunyamaza kwake hakukuwa kuficha. Daftari la Roncalli nalo lilikaa karibu miaka 70 kabla ya kuchapwa, na sasa linawalisha wengi. Kwa hiyo hatusemi watu wasishirikishe. Tunasema neno lilale kwanza, lipite katika tendo hata moja, kisha litoke. Likitoka hivyo halitakuwa na haja ya kupambwa sana.

Pasipo vitabu vingi

Huenda msomaji wetu wa kijijini atasema: mafrateri wana maktaba, mimi nina Biblia na Misale tu. Tunamjibu kwamba ana vya kutosha kuanza. Yule Mwethiopia wa Matendo ya Mitume alikuwa na gombo moja garini, naye hakulielewa. Kilichomsaidia ni kukubali kwamba anahitaji mtu wa kumwelekeza, na Filipo akapanda kuketi naye (rej. Mdo 8:26-40). Aliposhuka garini alikuwa anakwenda majini kubatizwa.

Kwetu sisi Filipo anaweza kuwa katekista wa kigango, mlezi wa kiroho au jumuiya. Tangu mwaka 1976 maaskofu wa Afrika ya Mashariki waliziweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Katika vijiji vya uwandani Kitulo, ambako baridi ya Juni na Julai huwakusanya watu mapema kuzunguka moto, kitabu kimoja kinatosha jumuiya nzima. Mmoja anasoma ukurasa kwa sauti, watu wananyamaza kidogo, kila mmoja anataja jambo moja dogo atakalolifanya kabla ya wiki ijayo: kumtembelea mgonjwa, kumlimia mjane, kumaliza ugomvi wa mpaka. Wiki ijayo wanaanza kwa kuulizana kwa upole ilikuwaje. Asiyejua kusoma anasikia, na asiyejua kuandika ana wenzake wa kumkumbusha. Jumuiya inakuwa daftari lake.

Vitabu vya Kiswahili navyo vipo. Jimbo letu la Njombe lilizaliwa mwaka 1968 kutoka eneo la Abasia ya Peramiho, na mitambo ya Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho imetulisha vitabu kwa vizazi kadhaa. Hapo ndipo zilipochapwa, mwaka 1996, tenzi za Mwalimu Julius Nyerere, aliyeziweka Injili zote nne na Matendo ya Mitume katika mashairi ya Kiswahili. Ili kuigeuza aya moja ya Injili kuwa ubeti wenye vina na mizani, ni lazima mtu akae nayo muda mrefu, aigeuze huku na huku. Huko pia ni kusoma kwa kalamu, na kuliwezekana kwa mtu aliyekuwa na shughuli nyingi kuliko wengi wetu.

Watu watasoma nini?

Tumalizie kwa jambo linalotufanya sisi mafrateri tulichukue suala hili kwa uzito. Mungu akipenda, miaka michache ijayo tutatumwa vigangoni. Wengi wa wale tutakaowahudumia hawatavisoma vitabu tulivyovisoma. Watatusoma sisi: tunavyomsalimu mzee asiye na sadaka kubwa, tunavyosubiri zamu, tunavyosema juu ya mwenzetu asiyekuwepo. Padre anayejua kueleza msalaba na hajawahi kuubeba hata katika jambo dogo atagundulika mapema, na watakaoumia ni wale waliomwamini. Miaka hii ya falsafa ni ya kujifunza kubeba mambo madogo ambayo hakuna anayeyapigia makofi.

Basi, mpendwa msomaji, kishushe kabatini kile kitabu kimoja. Nunua daftari la shule, la bei ndogo kabisa. Leo jioni, baada ya sala ya familia au masifu, soma aya moja, nyamaza, andika mistari mitatu, na taja tendo moja la kesho. Kesho jioni andika kama ulilifanya.

Mungu akubariki, na Mashahidi wa Uganda, wasomaji waliotutangulia, watuombee.